Daktari Mgongo na Nyuso Tano

Jina la Daktari Mgongo hakupewa na wazazi wala na chuo. Alipewa na watoto wa wodi, na kila aliyefika pale asubuhi aliona sababu kwa macho yake. Mtoto aliyelia kupita kiasi alipandishwa mgongoni, akafungwa kwa shuka ya hospitali, na daktari akaendelea kupita kitanda hadi kitanda, faili mkononi, kama vile hajabeba kitu. Wauguzi walizoea kumuuliza, "Leo umempakia nani huko nyuma?" Kwa miaka tisa alifanya kazi hivyo. Madaktari wenzake walimcheka chinichini, lakini mtoto akiwashinda walijua wampeleke wapi.

Kisha akaomba ufadhili. Ulikuwa wa kuwafundisha utafiti madaktari wa watoto wanaotaka kutengeneza tiba mpya: miaka miwili, msimamizi mmoja, na chumba chenye meza na kompyuta. Hakuuomba kwa sababu anapenda makaratasi. Aliuomba kwa hasira. Wagonjwa wake wengi walikuwa na seli mundu, ugonjwa wa damu unaouma mifupa hadi mtoto anang'ata shuka, na dawa inayowasaidia ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Nyumbani mama alifungua kapsuli, akamwaga unga kwenye maji, akakadiria kwa macho sehemu ya mwanawe, halafu vita vikaanza. Dawa ilikuwa chungu si mchezo. Nusu ilimezwa na nusu ikaishia kifuani mwa mama. Daktari Mgongo alitaka kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji, kinachofuata uzito wa mtoto, na ambacho mtoto hatakitema. Hilo tu.

Ufadhili akaupata, na sharti lake likamkaa kooni: miaka yote miwili asifanye kazi ya wodi.

Chumba chake kipya kilikuwa ng'ambo ya ua, hatua mia moja hivi kutoka wodini. Afadhali kingekuwa mbali. Dirisha likiwa wazi alisikia vilio, na kwa kilio peke yake alijua ni nani, na kama ni maumivu au ni deko. Mara mbili tatu alijikuta amesimama mlangoni, viatu tayari vimeelekea ua, akarudi kukaa. Alisoma jinsi ya kupanga utafiti, jinsi ya kuhesabu, jinsi ya kutojidanganya. Alijifunza vizuri. Lakini aliwatamani watoto wale kama mtu anavyotamani kwao, na hakuona aibu kulisema.

Mama yake, aliyeishi naye, hakumwonea huruma. "Mwanangu, nilikusomesha utibu watoto. Sasa unashinda unatibu kompyuta?"

"Ni kwa ajili ya watoto, mama."

"Watoto gani? Mbona siku hizi mgongo umenyooka?"

Walicheka wote wawili, kisha daktari akaingia bafuni, akafungua maji yatoke kwa nguvu, akalia mpaka akatosheka.

Mwezi wa tisa wa ufadhili, vidonge vikawa tayari. Aliyevitengeneza ni mfamasia wa maabara, mtu wa maneno machache sana, ambaye kila mtu alimwita Bwana Kimya na mwenyewe alikuwa haitiki wala hakatai. Alileta aina tatu: cha ladha ya chungwa, cha ladha ya ndizi, na cha tatu kisicho na ladha ya kuongezwa. Hicho cha tatu aliwahi kukigusisha ulimi, akaukimbilia mfereji wa maji kusukutua.

Wazazi wa watoto ishirini na wanne walikubali wanao wavionje, wote watoto waliokuwa wakitumia dawa ile tangu zamani. Kila mtoto angeonja, kisha aguse kadi yenye nyuso tano zilizochorwa, kuanzia uso unaocheka hadi uso unaolia. Daktari Mgongo aligawa mwenyewe vikombe vya vidonge vilivyoyeyushwa. Siku ile alikuwa na raha kama ya mtu aliyetoka safari ndefu. Watoto walimrukia, walimvuta koti, na mmoja alipanda mahali pake pa kawaida akakataa kushuka. Na matokeo yakawa mazuri mno: uso unaocheka, kila mtoto, kila kikombe. Kwa matokeo hayo hatua iliyofuata ingeanza mara moja, na mwaka wa pili ukiisha tu angerudi wodini.

Msimamizi wake, profesa mmoja mama aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua, aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Ladha tatu, watoto ishirini na wanne, na jibu moja," alisema. "Hata hiki cha Bwana Kimya cha kukimbilia mfereji?"

"Hata hicho, Profesa."

"Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Mbele yao."

"Na mgongoni alikuwepo nani?"

Daktari Mgongo mashavu yalimwaka moto kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Daktari, hawa wamekupima wewe, hawakupima dawa," profesa alisema, si kwa ukali. "Rudia. Vikombe agawe mtu wasiyempenda."

Mtu huyo alikuwa Bwana Kimya, na hakuna aliyebisha. Daktari aliambiwa abaki nyumbani siku ile. Akaomba, akabembeleza, mpaka akaruhusiwa kukaa kwenye stoo iliyopakana na chumba cha kuonjea, kwa sharti asionekane wala asisikike. Akakaa juu ya boksi la glavu, mlango umefungwa, na mlango wenyewe mwembamba hata pumzi ya mtu upande wa pili uliipitisha.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kifaranga, msichana wa miaka minane, miguu myembamba, mdomo usiochoka.

"Yuko wapi Daktari Mgongo?"

"Hayupo," alisema Bwana Kimya.

Kikombe cha kwanza. Cha pili. Kisha mtu akatema kwa nguvu zote.

"Hii mbaya! Na ile ya ndizi nayo mbaya. Ya chungwa kidogo afadhali, lakini mbaya pia."

"Onyesha kwenye kadi."

"Huyu anayelia. Na huyu tena. Na huyu aliyenuna."

Bwana Kimya akavunja desturi yake, akauliza swali. "Mara ile mbona uligusa anayecheka?"

"Sisi wote tuligusa anayecheka. Tulikubaliana kwenye foleni. Hata yule mdogo wa miaka mitatu tulimfundisha aweke kidole wapi."

"Kwa nini?"

"Daktari Mgongo alisema akipata dawa tunayoipenda, atarudi wodini."

Ndani ya stoo daktari akashika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amesema, kweli. Aliyasema siku ya kuaga, wamemng'ang'ania magoti, ili wamwachie apite. Akayasahau kabla hajamaliza kuuvuka ua. Wao hawakuyasahau. Miezi tisa walikuwa wakimsubiri, na walipopata nafasi ya kumrudisha, wakameza uchungu ule wakimchekea.

Alisimama. Mkono ukaushika mpini wa mlango. Hatua mbili tu, na angemkumbatia mtoto yule, na Mungu anajua alivyotaka. Lakini nje kulikuwa na foleni ya watoto ishirini na watatu. Wangemwona, na kila kidole kingekwenda tena kwenye uso unaocheka, na kina mama wangeendelea kupigana na kapsuli. Na nyuso zinazolia maana yake aliijua pia: vidonge virudi kwa Bwana Kimya vikaanze upya, na yeye aombe mwaka mwingine mzima ng'ambo ya ua. Akauachia mpini.

"Sasa nimesema kweli," sauti ya Kifaranga ikapita mlangoni, safari hii ndogo. "Kwa hiyo harudi?"

Bwana Kimya akafuta meza pale alipotema. "Atachelewa."

Daktari alisikia kiti kikisogezwa.

"Basi nipe tena kile kikombe," alisema Kifaranga. "Nijaribu pole pole. Labda nitakipenda."