Ami Zahor na Pikapu Iliyoogopa Baridi

Ami yangu Zahor hakuwa akifungua gari siku ile ile iliyoletwa, na jambo hilo liliwaudhi sana madereva. Mtu anakuja na gari yake inalia, anataka aone spana zikitoka sandukuni, naye anaambiwa aiache ilale uani, arudi baada ya sala ya alfajiri. Ami akisema ukimpima homa mtu aliyekuja mbio, utamkuta wa moto tu, hata kama mzima.

Ua wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Malindi, mjini, na lango lake lilitazama barabara. Zamani babu alikuwa akianikia karafuu hapo. Ilikuwapo na gari ya babu, na ami ndiye mtoto aliyekuwa akitambaa chini yake na kanzu mpya ya Idi, akapigwa kila Idi. Baada ya mapinduzi mashamba yalikwenda na gari ikaenda, ikabaki sakafu ya chokaa na ami na spana zake. Hakunung'unika. Akisema sasa anachafuka kutwa nzima na hapana wa kumpiga.

Mimi niliacha skuli darasa la tatu, kwa hiyo asubuhi nilikuwa mlangoni mwa jiko nachagua mchele, na kutoka hapo ua wote unauona.

Mwaka wa sabini, mwezi wa saba, kipupwe kilikuwa kikali. Pikapu ya ushirika wa Chwaka, ile inayoleta mjini samaki na kamba za usumba, ililetwa na dereva wake, Usi. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, lakini siku hiyo hata salamu aliitoa nusu. Gia zilikuwa haziingii, na kwao kila mtu alikwishatoa hukumu yake. Mmoja alisema klachi, mwengine akaapa kuwa gia zimekatika meno. Bi Kazija, katibu wa ushirika, alikuwa amemwambia waziwazi kuwa giaboksi ikifunguliwa gari italala miezi, maana vipuri havipatikani, na gari ikilala yeye atarudi kuwa utingo kwenye lori la watu. Usi alikuwa utingo miaka minne kabla ya kuushika usukani. Hakutaka kurudi kule nyuma kukaa juu ya magunia.

Ami alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Inaanza saa ngapi, na inaacha saa ngapi?"

"Alfajiri haitaki kabisa, fundi. Mkono wa gia kama umefukiwa udongoni. Ikifika saa nne, jua likishapanda, naiingiza kwa kidole. Lakini hapo tena inavuma."

"Tangu lini?"

"Tangu kipupwe kuingia."

Ami akasema chuma kilichovunjika hakijiungi saa nne, na aiache gari ilale.

Asubuhi ya pili Usi alikuja amejitanda kanga ya mkewe, anatetemeka. Ami alikuwa na sweta juu ya fulana na taulo kichwani, lakini miguu mitupu, maana akiamini kiatu kinaficha habari. Akakanyaga klachi kwa unyayo mara tatu, akasema inakwenda na kurudi kama inavyotakiwa. Akaziba magurudumu kwa mawe, akainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akahakikisha gia haimo, akalizungusha kwa mkono. Likawa zito.

"Difu," Usi akanong'ona, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Ami aliingia chini, akafungua nati nne, akaitoa shafti kwenye difu, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, na kuining'iniza kwa kamba. Akalizungusha tena lile gurudumu. Safari hii lilikwenda lenyewe mpaka likachoka. Kisha akaishika shafti yenyewe, ile inayotoka kwenye giaboksi, akaizungusha. Ilizunguka polepole, na mikono yake ilikwenda kama ya mtu anayesonga bokoboko zito.

"Difu yako haina kosa," akasema. "Ugonjwa umo humu." Akaigonga giaboksi.

Usi alikaa juu ya tairi bovu. Akauliza kama sasa itafunguliwa. Ami akasema kabla ya kumpasua mtu tumbo, muulize kwanza alikula nini. Akafungua nati ndogo ya ubavuni, pale panapotiwa mafuta, akaingiza kidole. Kidole kikatoka cheupe.

Akakinusa. Kisha akamwita mkewe, Bi Fatma, aliyekuwa jikoni nyuma yangu.

"Fatma, hebu nnusie hichi."

Bi Fatma akainamia kile kidole. "Nazi," akasema. "Tena aliyeipika anajua, haikuungua hata kidogo."

Juu ya dirisha la jiko ilikuwapo chupa yake ya mafuta ya nywele, imeganda nyeupe mpaka shingoni, imewekwa isubiri jua kama kila siku ya kipupwe. Ami akaitazama. Bi Fatma akaitazama. Mwisho Usi naye akaitazama, akajifunika uso kwa ile kanga.

Maneno yakamtoka. Mwezi wa pili, wakati wa joto, giaboksi ilivuja, na mafuta yake madukani hayakuwapo. Mama yake, Mwatum, huitia cherehani yake mafuta ya nazi miaka yote, nayo inakwenda. Basi Usi akachukua chupa tatu za mama kimyakimya, akazimimina kwenye giaboksi. Wakati wa joto gia zilikuwa laini kama hariri, akajiona mvumbuzi.

"Chupa ya mama naiona inaganda kila asubuhi," akasema. "Sikufikiri kama na mafuta ya kwenye gari yanaganda. Fundi, usimwambie Bi Kazija. Sema baridi tu."

"Ntaifanya gari iende," ami akamjibu. "La kusema utasema mwenyewe. Mimi nikisema baridi, mwakani wataifunika blanketi."

Walisubiri jua. Saa tano mafuta yakashuka kwenye beseni kama maji, mepesi mno kwa gia, ndiyo maana zikivuma, na paka wa Malindi nzima wakaja kushuhudia. Ami akayapitisha vidoleni tone kwa tone, akitafuta vipande vya chuma. Alikuta vumbi tu; meno yalikuwa mazima. Akaisafisha giaboksi kwa dizeli, akabadilisha mpira uliokuwa ukivujisha, akairudisha shafti, akatoa chini ya kitanda kopo la samli lenye mafuta ya gia hasa, meusi, ambayo Bi Fatma alikuwa akiyalalamikia kwa harufu miaka miwili, akaijaza giaboksi.

Bi Kazija alifika baada ya adhuhuri, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. Usi akamwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba, akamweleza yote, amesimama wima, macho chini. Ami alijitia kufuta spana iliyokwisha kufutwa.

"Chupa ngapi?" Bi Kazija akauliza.

"Tatu, Bi Kazija."

Mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya buibui. "Mamako alinijia, anasema panya wanamnywea mafuta. Nikampa mtego. Mpaka leo anautega kila usiku."

Hapo hata Usi alicheka. Bi Kazija akapangusa macho, akasema dereva anayesema kosa lake kabla hajaulizwa hapatikani kirahisi, usukani abaki nao. Lakini akifika Chwaka, aende kwanza akautegue ule mtego, na amwambie mamake kwa nini.

Gari ililala kwetu siku moja zaidi, kwa kanuni ya ami. Alfajiri, baridi ikiwa ile ile, Usi aliingiza gia kwa kidole kimoja, akatoka langoni akipiga honi mpaka majirani wakalalamika.

Tangu hapo kila kipupwe Mwatum humletea Bi Fatma chupa ya mafuta ya nazi kwa mkono wa Usi. Hufika imeganda, kizibo kimefungwa kwa uzi mafundo matatu, na salamu kuwa hiyo ni ya nywele.