Nilivyokuwa mwanafunzi wa exchange kwa siku nne, kicheko kikaniumbua Gorong'a

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Wale wanaosubiri kuandika "chai", wekeni vikombe chini kwanza. Haya yamenikuta mwenyewe, na fulana nilivuliwa mbele za watu.

Shule niliishia kidato cha pili. Tangu hapo nimechimba dhahabu Kerende, nimeuza mitumba Sirari, na mwaka huu nilikuwa naosha magari kwenye lodge moja karibu na geti la Ikoma. Situlii mahali. Ila chuo kikuu kilikuwa kinaniwasha siku zote: hivi wale wanafundishwa nini?

Siku hiyo yakaja magari mawili ya wanafunzi. Nusu wa chuo cha hapa nchini, nusu wa chuo cha Ujerumani. Vyuo hivyo vina makubaliano: wao wanakuja kufanya utafiti vijijini kwetu, baadaye wa kwetu wanakwenda kwao. Wabongo wenyewe walitoka kampasi tofauti, hawajuani.

Dada mmoja Mjerumani, Lena, akawa anagawa beji na fulana za mradi. Kiswahili anakijua cha kusomea. Akanikuta nimesimama, ndoo nimeiweka chini.

"Wewe ni Hassan?"

Wakuu, mdomo uliitikia kabla akili haijafika.

(Hassan mwenyewe, mtu wa Tanga, alikuwa amebaki Dar anaumwa malaria. Hilo nilikuja kulijua baadaye.)

Nikapanda gari lao, lodge nikaiacha na ndoo yake. Siku tatu nikala bufee na kukaa semina. Neno nililolipenda ni "methodology". Nikibanwa na swali nasema, "Inategemea methodology," wote wanaitikia kwa kichwa. Kiongozi wa msafara, Dokta, akaniambia, "Hassan, safari ya Ujerumani jina lako lipo." Nikaanza kuulizia kama kule unga wa ugali unapatikana.

Shida ni moja. Hassan wa Tanga hajui Kikurya. Mimi Kikurya nimekinyonya.

Siku ya nne tukaenda Gorong'a kuhoji kaya. Tukaanzia kwa Bibi Bhoke. Shikamoo zikapita, tukapewa viti. Bibi Kiswahili hakimwingii, kwa hiyo mwalimu mmoja wa pale akawa mkalimani. Lena akawasha kishikwambi.

"Mume wa hapa ni nani?"

"Mimi," Bibi akajibu kwa Kikurya.

Kwa msiojua: kwetu mama asiye na mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe, anaweza kutoa mahari akaoa mwanamke. Tunaita nyumba ntobhu. Watoto wanaozaliwa ni wa huyo mama, mji wake, yaani kaya yake, unaendelea. Robi, dada aliyekuwa anamenya mihogo pembeni, ndiye mke wa Bibi.

Mwalimu akaona aibu. Akatafsiri, "Mume ni mwanawe, yuko machimboni. Huyu Robi ni mkwe wake."

Lena akabofya. Mtu asiyewahi kuzaliwa akaingia kwenye utafiti wa nchi mbili.

Maswali yakaendelea. Kuku wangapi. Choo kiko wapi. Kisha Lena akarudi kule kule: huyo mume atarudi lini? Bibi akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia mwalimu taratibu kwa Kikurya:

"Huyu binti anavyomtafuta mume wa hapa! Kama anataka kuolewa aseme tu. Zizini bado nina ng'ombe."

Nikacheka. Nilicheka mpaka kiti cha plastiki kikateleza. Na mwalimu alikuwa hajafungua mdomo.

Wote wakanigeukia.

"Hassan," Dokta akasema, "siku hizi Tanga mnasikia Kikurya?"

Mwalimu akajitia kuokoa jahazi. "Bibi amewakaribisha chakula."

Ningeweza kusingizia kuku, kwamba ndiye aliyenichekesha. Ujerumani bado ilikuwa mkononi. Lakini Robi alikuwa ameacha kumenya. Yeye Kiswahili anakijua. Alikuwa amesikia anavyoozeshwa kwa mtu ambaye hayupo, akanyamaza kwa kuheshimu wageni. Sasa ananiangalia.

"Dada Lena, futa," nikasema. "Hakuna mwana machimboni. Mume ni Bibi."

Nikaeleza yote, mpaka ile ya zizi. Lena akawa mwekundu, kisha akacheka kunizidi. Akageuza kishikwambi. "Lakini humu hakuna pa kumweka."

Dokta hakucheka. "Wewe ni nani?"

"Chacha. Naosha magari, Dokta."

"Vua."

Nikatoa beji, nikatoa fulana ya mradi, nikabaki kifua wazi. Bibi akaingia ndani, akatoka na koti zito la kahawia, akanivalisha mwenyewe.

"Hili ni koti la mwenye mji," akasema. "Utalirudisha ukipata wako."

Naondoka, nikageuka nyuma. Lena amefunga kishikwambi, ametoa daftari, anaanza upya. Anayetafsiri ni Robi.

Nilichojifunza: ukiamua kuwa mwongo, usimtangulie mkalimani kucheka. Na nyie wasomi, kabla ya kuvushana bahari, tengenezeni fomu inayomtosha Bibi Bhoke.

Hassan, kama uko humu, nisamehe mkuu. Semina zako nilizihudhuria zote.

Mliowahi kwenda exchange, hebu nijibuni lile swali la ugali. Na mwenye la kunisema aniseme, nimevaa koti.

Bado ninalo. Mji sijapata.