Mvua ya Upande wa Mashariki

Msimu wote wa mvua za Novemba mwaka jana, Mwongeli alipanda paa lake kila asubuhi akiwa na rula ya shule. Ana miaka hamsini na sita na goti moja bovu. Juu ya mabati ya hoteli yake pale sokoni Zombe alikuwa amefunga kwa waya makopo matatu ya mafuta ya kupikia. Mengine matatu aliyaweka nyuma ya duka la nguo la Abdiya, upande usiopigwa na upepo, jengo pekee la ghorofa katika mtaa ule. Alipima maji ya kila kopo akaandika kwenye daftari. Watu walisema hoteli imemshinda, sasa ameingia uganga.

Yeye alijua anachotafuta. Mvua ya Novemba husukumwa na upepo wa mashariki, ikaja imelala. Mashariki mwa hoteli yake kuna ploti ya Nyamai, muuza mbao na saruji, mzee wa kanisa analosali Mwongeli. Nyamai alitaka kujenga ghorofa tano, na kaunti ilikuwa inakusanya maoni kama kikomo cha ghorofa mbili kwa majengo ya biashara kiondolewe. Ukuta huo ukisimama, mvua ingeishia ukutani. Na paa la Mwongeli ndilo linalojaza tangi la mawe alilojenga na mumewe, marehemu Munyao. Maji ya tangi hilo ndiyo hupikia chai ya hoteli na muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na mfereji wa mji ukikauka, nusu ya soko huchota pale. Bila tangi, hana hoteli.

Kikao kilifanyika Februari katika ukumbi wa kanisa. Afisa wa mipango alitundika ramani ukutani. Kitheka, mwenyekiti wa soko, alimpa Mwongeli nafasi ya mwisho, watu wakiwa wameanza kutafuta kofia zao.

"Mvua ya tarehe kumi na mbili," alisoma, "kwangu sentimita nane. Nyuma ya ukuta wa Abdiya, sentimita tatu. Mvua ni hiyo hiyo moja. Na Abdiya ana ghorofa mbili tu."

"Kumbe mvua nayo ina ploti?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Atuonyeshe hati ya mawingu," mwingine akadakia, na ukumbi ukacheka.

Abdiya alisimama. "Mimi nilimwona akipima. Anayecheka apande naye."

"Wewe Abdiya ushapanda juu," Kitheka alimjibu. "Wengine wakitaka kupanda, unaondoa ngazi. Sasa soko lote lilale chini kwa sababu ya sufuria ya mama mmoja?"

Walipiga makofi. Ndipo Nyamai akainuka, polepole, kama anayekwenda kuomba.

"Mama Ndolo ni jirani yangu," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Nikijenga, maji ya paa langu yote yataingia kwenye tangi lake. Nimesema mbele ya watu."

Makofi yalikuwa makubwa zaidi. Mwongeli alingoja yaishe.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Hilo ulilosema. Uweke sahihi, afisa aende nalo."

"Neno langu halitoshi?"

"Halitoshi."

Miaka tisa iliyopita, Munyao alipozikwa, shemeji yake Mwongeli alisimama kando ya kaburi akatangaza kwamba shamba la bondeni ni la mjane. Watu waliitikia amina. Aliyefunga kwa maombi siku hiyo alikuwa Nyamai. Shemeji alipoliuza shamba hilo, Mwongeli alimwendea Nyamai ashuhudie alichosikia. Nyamai alisema siku ile kulikuwa na upepo, hakusikia vizuri.

"Unamtukana mzee wa kanisa ndani ya kanisa," Kitheka alisema. Afisa alieleza kwamba mapatano ya majirani hayamo katika fomu yake. Yeye anaandika wanaokubali na wanaokataa. Mikono ikainuliwa. Waliokataa walikuwa wanne.

Baada ya hapo benchi lake kanisani lilibaki na nafasi pande zote mbili. Mtu aliandika kwa chaki mlangoni pa hoteli: Wizara ya Mvua. Mwongeli hakuifuta. Wateja wengine walihamia kwa jirani wa ng'ambo, na yeye akapunguza muthokoi wa kupika. Tangi alilitia kufuli.

Agosti, kikomo kikiwa kimeondolewa, fundi mkuu wa Nyamai, Kisilu, alifika na madumu kwenye mkokoteni. Kila aliyejenga Zombe alikuwa amechota pale.

"Mwaitu, tufungulie," alisema kwa heshima, kama kijana anavyomwita mama wa rika lile.

"Mwambie mzee wako akoroge saruji na neno lake."

Kisilu alicheka. Alipoona Mwongeli hacheki, aligeuza mkokoteni.

Nyamai alikodi lori la maji kutoka mtoni, kilomita kumi na nne. Jumanne walimwaga zege la sakafu. Zege bichi lazima linyweshwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima, la sivyo linapasuka. Alhamisi asubuhi lori lilivunjika ekseli mchangani. Saa nane jua lilikuwa kali, na kutoka dirisha la jikoni Mwongeli aliona zege likigeuka jeupe kwenye kingo. Alijua maana yake. Yeye mwenyewe alishika ndoo tangi likijengwa.

Saa tisa Nyamai aliingia hotelini na karatasi iliyochanwa daftarini, ameandika ahadi yake ya kikaoni. Hakuketi, wala hakukaribishwa.

"Mama Ndolo."

"Mzee."

Mwongeli aliisoma mara mbili, kisha akampa kalamu. "Ongeza: kwa muda wote ambao jengo litasimama."

"Unanifanya kama mwizi."

"Ongeza."

Aliongeza, akatia sahihi. Mwongeli alimtuma mhudumu amwite Abdiya awe shahidi. Abdiya alikuwa anampimia mteja kitambaa na hakuwa na haraka. Nyamai alisubiri amesimama, akitazama zege lake kupitia dirisha. Abdiya alipofika, aliisoma yeye pia, neno kwa neno, akatia sahihi yake.

Mwongeli alitoa ufunguo chini ya leso, akampita Nyamai, akaenda kumpa Kisilu nje.

"Ukimaliza funga vizuri," alisema.

Jumapili yeye na Nyamai waliketi mbali mbali kanisani kama kawaida. Karatasi imo kwenye Biblia ya Mwongeli, pamoja na kadi ya maziko ya Munyao. Jengo limefika ghorofa ya pili na bado halina paa wala gata la kupeleka maji tangini. Makopo hajayashusha.