Kengele Mbili, Mstari Mmoja

Ting. Sauti ndogo, kama kijiko kilichogusa ukingo wa bilauri. Waliofanya kazi katika chumba cha kompyuta pale Chang'ombe, mwaka wa sabini na tatu, wanaikumbuka mpaka leo. Mashine ilipopata hitilafu, kanda ya kumbukumbu ikikwama au kadi ya matundu ikikunjika, kengele ililia mara moja, kisha taipureta iliyounganishwa nayo ikachapa mstari kueleza kilichoharibika. Kengele moja, mstari mmoja. Ndivyo walivyofundishwa.

Marijani, mwendeshaji wa zamu ya asubuhi, alisema Jumanne ile alisikia kengele mbili.

Hakuna aliyemwamini. Siku hiyo mashine ilikuwa ikiandika kwenye kanda orodha ya zahanati za vijiji vilivyongoja dawa, na kazi ilipokwisha, zahanati mia mbili na kumi zilikuwa zimefutika. Karatasi ya taipureta ilionyesha mstari mmoja tu, wa kadi iliyokunjika. Habari ya kanda haikuwamo. Kamati iliyoitwa kuchunguza ikaona kwamba Marijani alipachika kanda isiyohusika na sasa anatunga hadithi. Ndugu Hashil, meneja, alimuuliza alisikia kengele mara ngapi. Mara mbili, akajibu. Ndugu Hashil akataka kujua kama masikio yake yana mwangwi, na wajumbe wakacheka. Marijani akapewa mpaka Jumatatu alete ushahidi. Asipoleta, kazi hana.

Sesilia hakucheka. Alikuwa mwisho wa meza akiandika kumbukumbu za kikao, maana alikuwa mwanamke peke yake mle ndani na kalamu hiyo waliizoea mkononi mwake. Kazi yake hasa ilikuwa kuandika programu. Alizaliwa karibu na Ndanda, binti wa mchonga vinyago, na kabla hajajua kusoma baba yake alimfundisha kupapasa gogo la mpingo kwa vidole, polepole, kutafuta ufa usioonekana kwa macho. Alipokuja Dar kwa kaka yake Kasimiri aliajiriwa kutoboa kadi. Miaka mitatu alitoboa matundu asiyoambiwa maana yake, akauliza na kuuliza, hadi waliochoka kumjibu wakampeleka kozi.

Baada ya kikao alimfuata Marijani ukumbini. Mwanamume alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kofia mkononi.

"Kengele hizo zilipishana kiasi gani?"

"Dada Sesilia, na wewe unanitania?"

"Nakuuliza."

Akafikiri. "Kama mtu anayepiga hodi. Moja, na nyingine papo hapo."

Basi Sesilia akaomba nakala iliyochapwa ya programu kuu, ile inayosimamia mashine yenyewe, inayopokea kila hitilafu na kuamua la kufanya. Ilikuja pamoja na mashine, ikafungiwa kabatini, na tangu hapo hakuna aliyeifungua. Ndugu Hashil alimtazama kwa huruma. Alisema programu ile iliandikwa na waliotengeneza mashine, sasa yeye Sesilia angesahihisha nini? Lakini ufunguo akampa.

Jumapili, alipotoka misa, alizitandaza karatasi zile ndefu kwenye mkeka uani Temeke, akapiga magoti juu yake na penseli. Mwenye nyumba, Bi Nunu, alikuwa anachagua mchele.

"Wenzio wakitoka kanisani wanapika pilau," Bi Nunu alisema. "Wewe unafanya sijda juu ya magazeti."

"Shikamoo, Bi Nunu. Niazime bao la marehemu mzee."

"Marahaba. Na bao tena. Haya, kalichukue, liko mvunguni."

Sesilia aliweka ubao kando ya karatasi na kuisoma programu amri baada ya amri. Kila mara programu ilipoandika kitu, alitia kete kwenye shimo. Ikifuta, aliitoa. Aliendelea hivyo saa tatu nzima. Kisha akamwomba Bi Nunu awe hitilafu.

"Niwe nini?"

"Chukua kete mbili. Nyeusi ni kanda imekwama. Nyeupe ni kadi imekunjika. Hitilafu ikitokea, mashine inapiga kengele na kuweka kete katika shimo hili. Mie nikiwa tayari kuchapa, naja kuitazama. Haya, weka nyeusi."

Bi Nunu akaweka. Ting, akasema, akacheka. Na kabla Sesilia hajanyoosha mkono, akaishika nyeupe. "Na hii?"

"Shimo hilohilo."

"Lina mwenyewe."

Sesilia aligeukia karatasi. Aliirudia amri ile kwa kidole, mara moja, mara ya pili, kama anapapasa gogo. Programu haikuuliza kama shimo lina mtu. Ilimtoa wa kwanza na kumweka wa pili.

"Na huyu mweusi anakwenda wapi?" Bi Nunu aliuliza.

Hakwenda popote. Kengele yake ilikwisha kulia, lakini jina lake lilifutwa kabla halijachapwa, na mashine ikaendelea kuandika juu ya kanda iliyokwama kama vile hakuna lililotokea. Sesilia aliketi chini. Halafu akachukua kete na kuzipanga katika mashimo ya safu nzima, moja moja, kama watu wa foleni ya duka la ushirika, kila mmoja na zamu yake. Akaanza kuandika.

Jumatatu hakutaka waamini maneno yake. Programu ya zamani ikiwa bado mashinini, alimwomba Revelian, fundi, ahesabu hadi tatu kisha aifunge swichi ya kanda ili ikwame, wakati uleule Marijani atakapoingiza kadi iliyokunjwa. Mara ya kwanza: kengele mbili, mistari miwili. Mjumbe mmoja akaguna. Mara ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile, na Ndugu Hashil akaanza kukusanya mafaili yake. Sesilia aliona kengele zinapishana mno, akamwambia Marijani asingoje hesabu, afumbe macho, aisikilize swichi na kuingiza kadi papo hapo.

Ting, ting.

Taipureta ikaamka. Ikachapa kadi iliyokunjika. Ikanyamaza.

Wakaitazama wote, wakingoja mstari wa pili usiokuja. Revelian alikwenda kuigonga taipureta kwa kifundo cha kidole, kisha akarudi taratibu. Sesilia alifungua kapu lake la ukindu, akaondoa kanga iliyofunika, akatoa bunda la kadi za programu mpya alizotoboa alfajiri kwa mikono yake, safu ya mashimo mahali pa shimo moja. Wakaipa mashine. Wakajaribu mara kumi, wakajaribu ishirini. Kila kengele ilipata mstari wake. Wajumbe walisogea wakaanza kuhesabu kwa sauti, na ilipofika ishirini mjumbe yule aliyeguna akapiga makofi.

Ndugu Hashil aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani, akasema kumbukumbu za kikao kile cha kwanza zisahihishwe, na akauliza Jumanne ile kengele ililia mara ngapi.

Macho yote yakamwelekea Marijani. Alikuwa ameishika kofia yake kifuani kwa mikono miwili. Sesilia alifungua daftari, akakata mstari wa zamani, akajibu kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona:

"Mara mbili, Ndugu Hashil. Kama alivyosema."