Pedi ya Mninga ya Kaka Kastori

Sisi tuliokulia Mbinga wakati mashine za gemu zilipoanza kupanda kutoka Songea tunajuana kwa vidole. Mtu wa rika langu akinipa mkono, huwa natazama kidole gumba chake. Kama kina sugu kidogo pembeni, karibu na ukucha, najua huyu naye alikalia mabenchi yale yenye misumari, akavuta moshi ule wa mkaa, akagombania pedi zilizokatika nyaya na kuungwaungwa.

Pedi ndilo jina tulilokipa kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili, chenye vitufe upande wa kulia na vijiti viwili vifupi vyenye vichwa kama uyoga. Jina hilo liliniletea mambo. Siku moja mama alinituma dukani kuuliza kama wana pedi, maana ya kwetu imekufa. Mama muuza duka akanitazama kwa huruma, akanivuta nyuma ya magunia ya chumvi, akanifungia kitu kwenye gazeti na kuninong'oneza kwamba sasa nimekuwa mkubwa, niache kucheza kombolela na wavulana. Nilikuwa bado niko darasa la nne.

Banda la gemu lilikuwa la mama. Baba alipofariki, mama aligeuza stoo yetu ya kahawa kuwa banda, kwa ushauri wa kaka yangu mkubwa, Kastori. Miaka yote ile harufu ya kahawa kavu haikutoka ukutani. Mwezi wa sita na wa saba ukungu ulikuwa unaingia mlangoni kama mteja, na mama aliweka jiko la mkaa katikati. Sheria yake ilikuwa moja: uote moto kwanza, ukaushe mikono, ndipo uguse pedi. "Mkono wa baridi unavunja vitu," alisema. Watoto walikuja wametoka kuchuma kahawa, vidole vinanata utomvu. Wengine walikuja wametoka kula ugali kwa usipa, wale dagaa wa ziwani, na pedi zikanuka ziwa mpaka Jumapili.

Pedi zile hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kaka alisema aliyezibuni alipima mikono ya watu wasiowahi kushika jembe. Zilikuwa nyembamba, zinateleza ukitoka jasho, na kona zake zilichoma viganja. Tulizizungushia mpira wa tairi la baiskeli. Kitufe kikichoka, kaka alikata kipande cha ndala akakipachika chini yake, na kitufe kikarudi kazini. Leo mpwa wangu ananilalamikia kwamba pedi yake mpya inamchosha kifundo cha mkono, naye amelala kochini, mto nyuma, soksi miguuni. Namtazama tu. Ningemkalisha kwenye benchi letu la msumari, angemlilia mama yake.

Kaka Kastori hakuwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kilikatwa Kitura, kwa babu, na mashine ya kumenya kahawa, wakati yuko sekondari. Kwa mtu mwingine ningesema bahati alibaki na vinne, lakini kwa mchezaji gumba la kushoto ndilo linalotembeza wachezaji uwanjani. Alirudi na bandeji, akawa anakaa benchi la nyuma na kutazama wenzake. Vidole vyake vilivyobaki vilikuwa vinachezacheza juu ya goti.

Kisha jioni moja, tukiwa tunakula, alichukua tonge kubwa la ugali uliopoa, akalifumbata kwa mkono wake wa kushoto mpaka vidole vikaacha alama. Mama akamgombeza kwamba chakula hakichezewi. Kaka akaliweka tonge lile juu ya dari likauke. Lilipokuwa gumu kama jiwe, alitafuta kipande cha mninga akaanza kuchonga, akilitazama tonge kila mara. Alichimba ndani, akaingiza mashine ya pedi iliyokufa, akakihamishia kile kijiti cha kushoto ubavuni, mahali kidole cha shahada kinapofika. Pale gumba lilipopaswa kukaa aliacha shimo dogo, la duara, la kupumzishia kibutu chake. Mwisho akaisugua yote kwa vipande vya mishumaa alivyopewa kanisani. Tangu siku hiyo, pedi ile ikipata joto la mikono ilitoa harufu ya altare.

"Pedi ikikukaa vizuri unaisahau," aliniambia. "Ukiikumbuka tu, ujue kuna mahali inakuuma."

Hakuna aliyemfunga tena. Nami alinifundisha kwa kukaa nyuma yangu, mikono yake imenizunguka, viganja vyake juu ya viganja vyangu. Nikitaka kumtazama alisema kwa sauti ya chini, "Usigeuke. Ukigeuka unafungwa."

Mwaka uliofuata alishuka ziwani, kwa mjomba wetu, kumfungia sola na televisheni. Kulikuwa na joto kule, akaacha sweta lake kwa mjomba na kupanda boti kwenda kijiji cha pili. Boti ilipinduka. Wenzake wote walipatikana. Kaka hakupatikana.

Mama alikaa ufukweni mpaka mjomba alipomshika mkono na kumpandisha kwenye gari. Alirudi na lile sweta. Tulikaa msiba bila mwili, padre akasali, watu wakatawanyika. Sisi watu wa milimani maji tunayajua ya ndoo, na mama hakuweza kuyawaza maji mengi kiasi kile. Akiwa anachambua maharage, au anachochea jiko la banda, alikuwa anauliza bila kumuuliza mtu, "Sijui kama huko alipo anasikia baridi." Wateja walikuwa wanainamisha vichwa.

Pedi ya mninga aliitundika msumarini, karibu na televisheni. Wachache waliomba kuijaribu. Gumba lao lilikosa pa kwenda, kiganja kikawauma, wakairudisha haraka. Hata mimi nilijaribu. Nilihisi nimevaa kiatu cha mtu mwingine, na mwenye kiatu yumo ndani.

Kitu kilichotusumbua ni harufu. Asubuhi za ukungu, mama akifungua banda, alisimama kizingitini na kunusa. Nami nilinusa. Ilikuwa ni ile harufu ya nta, inayotoka mbao ikishapata joto. "Nani ameishika?" mama aliuliza. Hakuna aliyekuwa ameishika, funguo alilala nazo mwenyewe. Nilipoigusa ilikuwa na uvuguvugu, kama kikombe kilichomalizwa chai sasa hivi. Sikumwambia mama. Nadhani naye alishaigusa, na hakuniambia.

Miaka ikapita. Jumamosi moja mchana, banda limejaa, aliingia msichana wa sekondari mwenye sare, mgeni. Aliitwa Anjela, anasoma bweni, kwao ni Kihagara, huko chini ziwani. Pedi zote zilikuwa na watu. Akaonyesha msumarini.

"Naomba ile."

"Hiyo haichezeki," nikamwambia.

"Nipe tu, dada."

Aliitoa, akaipuliza, akaifuta juu ya goti lake. Kaka alikuwa anafanya hivyo hivyo. Kisha akakunja gumba lake la kushoto ndani ya kiganja, akalificha, na kuanza kucheza. Alicheza vizuri. Wachezaji wake walipita kulia, wakarudi, wakapita katikati, ule mtindo wa Kastori ambao wote mle ndani tuliujua. Mmoja mmoja wakaacha kucheza wakamtazama. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu," akasema, "nani alikufundisha kushika hivyo?"

Anjela akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani alikufundisha?"

"Kwetu wote tunashika hivi, mama. Kuna banda la gemu."

Mama aliketi pale pale, juu ya gunia la mkaa.

Shule zilipofungwa tulishuka na Anjela. Mama alibeba sweta la kaka ndani ya mfuko. Huwa nasahau jinsi nchi inavyobadilika ukishuka. Ukungu unabaki juu, kahawa zinaisha, mihogo inaanza, joto linakupokea usoni, na ziwa linatokea lote kwa mara moja. Mama alitazama upande wa pili, kwenye milima tulikotoka.

Banda la Kihagara lilikuwa la kuta za matete, karibu na vichanja vya kuanikia usipa. Mwenyewe aliitwa Mzee Jonasi, mtu mpole. Tulimwamkia, akatukaribisha ndani. Watoto walikuwa wamekaa mkekani, wanacheza, na kila mmoja alikuwa amekunja gumba la kushoto ndani ya kiganja. Niliinama kuangalia pedi zao. Zilikuwa za plastiki, za kawaida, ila kijiti cha kushoto kilikuwa kimehamishiwa ubavuni na kufungwa kwa uzi wa nyavu. Pale gumba linapokaa palikuwa pamekwanguliwa shimo dogo, la duara, likapakwa nta.

"Zilikuwa zimekufa, nikazitupa kwenye boksi," alisema Mzee Jonasi. "Nikashtukia wanazichezea. Nadhani walizitengeneza wao. Na hivyo vidole niliwagombeza nikachoka."

Mama akachuchumaa karibu na Rehema, mdogo wake Anjela, mtoto wa darasa la pili hivi.

"Nani amewafundisha kukunja gumba?"

"Kaka," alijibu Rehema, macho kwenye televisheni.

"Kaka yupi?"

"Anayekaa nyuma yetu."

Nyuma yao palikuwa na mkeka na ukuta wa matete.

"Anaitwaje?"

"Hatujui. Anatushika mikono, anatuonyesha. Yeye kidole hiki hana."

"Sura yake ikoje, mwanangu?"

"Hatujamwona," alisema Rehema, kama mtu anayemweleza mgeni jambo la wazi. "Ukigeuka unafungwa."

Maneno yale kaka aliniambia mimi, na sikuwahi kumwambia mtu. Mzee Jonasi alicheka kidogo, "Watoto hawa," akasema, kisha akaacha kucheka.

Mama akaomba nafasi. Rehema akampisha. Mama yangu, aliyeendesha banda miaka yote ile na kujua kuzifuta pedi tu, alikaa mkekani, akakunja gumba lake, akaishika pedi. Watoto walimwonyesha kitufe cha kupigia. Mwanzoni mchezaji wake alisimama kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kisha akaanza kutembea. Akapita kulia, akarudi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitazama mikono ya mama. Ngozi ya juu ya viganja vyake ilikuwa imebonyea kidogo, kama inavyobonyea mtu akikushika. Katikati ya harufu ile ya usipa niliinusa nta. Mimi sikuwa nacheza, ningeweza kutazama nyuma yake wakati wowote, na nilitazama. Niliona mkeka, na mistari ya jua iliyopenya kwenye matete. Ila mabega ya mama, ambayo tangu msiba yalikaa juu kama ya mtu aliyebeba ndoo, yalishuka.

"Kastori," alisema, bila kutoa macho kwenye televisheni. "Umekula?"

Sikusikia jibu. Mama aliitika kwa kichwa, mara moja, akaendelea kucheza. Mechi ilipoisha aliiweka pedi chini taratibu, akamshukuru Mzee Jonasi, akampa Rehema mkono.

Gari lilianza kupanda na baridi ikaingia madirishani. Mama akatoa sweta la kaka mfukoni, akalivaa mwenyewe.

"Mikono yake ina joto," akasema. "Kama mtu aliyetoka kuota moto."

Hakuuliza tena lile swali lake. Anjela aliporudi kwao likizo iliyofuata, mama alimpa ile pedi ya mninga aipeleke ziwani, na asubuhi zetu zikawa na harufu ya kahawa na mkaa tu. Baadaye maji ya ziwa yalipanda yakalichukua banda la Mzee Jonasi. Watoto wale sasa ni watu wazima, wamesambaa. Banda letu ni saluni, na mama yuko kwangu, ananilalamikia kwamba siku hizi naweka chumvi nyingi.

Wanangu wana pedi za kisasa. Hazina waya, zinatetemeka mtu akipigwa kiatu uwanjani, na zimebuniwa zimkae kila mtu duniani. Nakubali, ni za raha. Enzi zetu pedi ilikuwa inakuuma mpaka uitengeneze mwenyewe, na ukishaitengeneza, hata ukiondoka watu walijua ulikuwa umekaa wapi. Asubuhi watoto wakienda shule naziokota kochini. Ni laini, safi, zimefanana. Nazishika kidogo, nikijaribu kujua ipi ni ya nani, halafu naziweka kwenye chaji.