Betri Yenye Alama ya Msumari

Kaka yangu aliangukiwa na magunia ya mahindi kwenye soko la Kibaigwa, akavunjika paja, na kwa miezi minne akalala chumba cha mbele cha nyumba ya mama, Makole, Dodoma mjini, plasta imempanda mpaka kiunoni. Alikuwa dalali pale sokoni, mtu wa kusimama tangu alfajiri katikati ya malori akiwapigia kelele wenye mahindi na wenye kuyanunua. Mtu wa namna hiyo ukimlaza kitandani anakuwa adhabu ya nyumba nzima. Chai ilikuwa ya moto mno, au imepoa. Dirisha likifunguliwa, vumbi, likifungwa, joto. Aliyeyabeba yote hayo alikuwa mama, na mama alikuwa na presha.

Kitu pekee kilichomnyamazisha ni mashine ya gemu, ile ya kushika mkononi, aliyokuwa amebadilishana na dereva mmoja wa Dar es Salaam kabla ya ajali. Alikuwa na diski moja tu, ya mpira, tena imekwaruzika kiasi kwamba wachezaji waliganda katikati ya mechi. Gemu nyingine zingeweza kuwekwa kwenye kadi ndogo, lakini mashine ilikataa kuzisoma mpaka itolewe programu yake ya kiwandani na kuwekewa nyingine, iliyotengenezwa na watundu wa mtandaoni. Sisi tuliiita ya kienyeji, kama kuku. Kazi yenyewe iliitwa kuflashi, neno tulilokwisha kulizoea kwenye simu.

Kaka akampa mashine fundi simu mmoja wa karibu na stendi, rafiki yake wa tangu walipokuwa wakicheza mpira pamoja. Fundi akakaa nayo wiki mbili, kisha akairudisha, akasema imeshindikana, ni mbovu tangu ilikotoka. Na kweli, tangu siku ile ikaanza kuzima yenyewe. Inaonyesha betri imejaa, kaka anacheza dakika kumi, kioo kinakuwa cheusi. Kelele zikarudi, safari hii mara mbili. Siku moja alirusha kikombe ukutani. Nilimkuta mama amepiga magoti anaokota vipande, nikapandwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Nikasema nitaiflashi mimi.

Nilikuwa na steshenari ndogo, mtaa wa pili kutoka nyumbani: kompyuta mbili, printa, na mashine ya kutoa kopi. Zilipoharibika nilizifungua na kuzitengeneza mwenyewe, na kaka alilijua hilo kwa sababu mara nyingi alinikuta na bisibisi mkononi. Hata hivyo alinitazama kama niliyetaka kumpasua mguu.

"Mambo ya fundi muachie fundi," alisema.

Nikasubiri alale mchana, nikaichukua.

Maelekezo niliyapata mtandaoni, nikayachapa, kurasa sita. Onyo moja lilirudiwa karibu kila ukurasa: mashine ikizima wakati programu mpya inaandikwa, haiwaki tena maisha. Mara ya kwanza ilizima ikiwa bado inakagua faili, haijaanza kuandika. Nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Nilipobonyeza kitufe ikawaka, nami nikakaa chini.

Nilianza kutafuta sababu mojamoja. Labda faili halikushuka lote. Nikalishusha upya, jambo lililokula asubuhi nzima kwa mtandao wa siku zile. Ikazima. Labda kadi, nikaazima nyingine. Ikazima. Ilikuwa Oktoba, na paa langu lilikuwa la bati bila dari, kwa hiyo nikadhani ni joto. Nikaifanya saa moja asubuhi, nimeiweka juu ya sakafu ya saruji. Ikazima. Nikalaumu mgao wa umeme, nikangoja siku ambayo umeme haukukatika hata mara moja. Ikazima vilevile, chaja ikiwa ukutani. Kila mara hofu ilikuwa ileile, na kila mara hofu ilipoondoka iliniachia hasira zaidi.

Katikati ya siku hizo fundi alikuja kumjulia kaka hali. Nilikuwa nimewapelekea chai. Kaka akamwambia kwamba sasa mashine yake anaichezea dada. Fundi hakunigeukia mimi, alimwambia kaka, "Mwanamke akishika kitu cha umeme, ujue hicho kimekwenda." Wakacheka wote wawili. Nikaweka sinia chini na kutoka, kwa sababu kama ningebaki ningeimwaga chai ile mahali ambapo isingefaa.

Kesho yake nilitoa betri kabisa, nikaiwasha mashine kwa chaja peke yake, nikaiacha inacheza juu ya kaunta huku nikiwahudumia wateja. Ilikwenda tangu nilipofungua duka mpaka adhana ya adhuhuri, haikuzima. Nikarudisha betri. Haikumaliza dakika kumi. Basi mashine haikuwa mbovu. Lakini programu ile haikukubali kuanza kama betri haimo ndani, kwa hiyo bila betri nzuri nisingefika popote.

Nilikuwa na mteja mmoja, dada mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuchapa ripoti zake, naye alikuwa na mashine kama hiyo. Nikamwomba anikopeshe betri yake kwa saa moja. Tulipoiweka, mashine ya kaka ilitulia kama haijawahi kuugua. Akaniambia niimalizie kazi yangu palepale kwa betri yake. Sikutaka, maana betri yetu ingeendelea kuizima. Nilikuwa nimezishika betri zote mbili, moja kila kiganja, na moja ilikuwa nyepesi. Karatasi zake za nje zilifanana, rangi ileile, nembo ileile, ila kwenye yetu neno moja lilikosewa herufi.

Mkabala na duka langu alikuwapo sonara, mzee wa Kiislamu wa ukoo wa zamani pale mjini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwomba atuazime mizani yake. Ilikuwa ile ya sahani mbili. Akaweka betri moja huku na nyingine kule. Sahani yenye betri ya mwanafunzi ikashuka mpaka mwisho.

"Hii yenu imejazwa upepo, mwanangu," mzee alisema.

Siku zile za soko huria kila kitu kilifika Dodoma, halisi na feki ndani ya boksi moja, na watu walishazoea kusema ndiyo biashara. Lakini kaka alikuwa amecheza na mashine hii wiki nyingi kabla haijapelekwa kwa fundi, na haikuzima hata siku moja. Nilimuuliza betri yake ilikuwaje. Akanijibu bila kufikiri kwamba aliichora msalaba kwa msumari, kwa sababu Kibaigwa vitu vilibadilishwa mchana kweupe. Nikampa ile iliyokuwamo. Aliigeuza na kuigeuza.

"Labda alama imefutika," alisema.

"Msumari haufutiki, kaka."

"Usinigombanishe na watu." Akageukia ukuta, kwa ile sehemu ya mwili iliyoweza kugeuka.

Nililia kwa hasira nilipofika uani, halafu nikanawa uso, nikaenda stendi.

Kibanda cha fundi kilikuwa na wateja watatu. Nikangoja amalize na wa kwanza, nikaweka betri mezani kwake, nikamwambia nimekuja kuchukua ya kaka yangu. Akasema si ndiyo hiyo. Nikamwambia ya kaka ina msalaba wa msumari. Akaendelea kufungua simu ya mtu, akasema kama kaka yangu ana neno, aje mwenyewe.

"Kaka yangu hawezi kutembea," nikasema. "Unajua hilo. Ndiyo maana ukambadilishia yeye."

Sikupandisha sauti. Wateja wakasogea karibu. Fundi akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kisha akavuta droo. Ilikuwa imejaa betri za kila aina, za simu na za mashine, nami nikaziwazia nyumba zilikotoka. Akapekua kidogo tu, maana alijua ilipo, akaitupa mezani. Msalaba ulikuwapo.

"Zilichanganyika," alisema.

Nilibaki nimesimama. Nilitaka neno jingine, neno moja tu la mtu mzima, na nilikuwa tayari kulingoja hadi jioni. Yeye akamwita mteja aliyefuata.

Niliiflashi siku hiyohiyo mchana. Mstari wa kijani ulisogea polepole mpaka mwisho, mashine ikajizima kama maelekezo yalivyosema, ikawaka na sura mpya. Nikaweka gemu nane kwenye kadi, nikampelekea. Kaka aliipokea, akauliza zimo ngapi, akaanza kucheza. Nyumba ikatulia. Mama alilala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Jumapili walikuja wenzake wawili kutoka Kibaigwa kumtazama. Nilikuwa uani nachambua mlenda, dirisha liko wazi. Nilimsikia akiwaonyesha mashine, akiwasimulia kuwa ilimsumbua sana lakini rafiki yake fundi wa stendi alihangaika nayo mpaka ikakubali.

Niliingia na mikono yangu michafu.

"Fundi aliiba betri yako," nikasema. "Aliyeitengeneza ni mimi."

Wageni wakatazama chini. Kaka akacheka kidogo, akawaambia ndiyo, dada alisaidiasaidia. Mama akaniita nje. Alinisemesha Kigogo, lugha aliyoitumia nasi akiwa ameumia tu, akasema mgonjwa hasutwi mbele ya wageni. Nikamuuliza mbona mimi nilisutwa na mgeni nimebeba sinia ya chai. Alichukua ungo wangu akakaa, akaendelea kuchambua pale nilipoachia. Kaka sikumsemesha siku tisa, na chakula nilimpelekea.

Siku ya kumi alivunja kimya yeye. Alisema mmoja wa wale wenzake anayo mashine kama yake, nayo ina matatizo, je, nitamtazamia? Hakusema pole, hakusema asante. Nilimwambia amwelekeze mtu huyo dukani kwangu, aje aniulize mimi.

Alikuja wiki iliyofuata, mashine ndani ya mfuko wa rambo. Alinisalimia vizuri, akatazama nyuma yangu, kisha akatazama mlango wa stoo, akauliza kama fundi yupo.

Nikamwonyesha benchi, nikamwambia akae. Nilikuwa na barua ya mteja mwingine, kurasa nne, nikaichapa yote taratibu, nikaisoma tena kutafuta makosa, nikaitoa kopi. Ndipo nikamwambia alete hiyo mashine.