Kompyuta ya Stoo Haipokei Amri

Agapiti wa Ushirombo ndiye fundi wa kompyuta kwenye kampuni ninapofagia na kuchemsha chai, njia ya kwenda mgodini, Geita. Kijana mpole. Hupiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha mashine.

Kompyuta zetu zote zinatawaliwa na makao makuu, Dar es Salaam. Wakitaka kioo kijifunge chenyewe kikikaa bila kuguswa, hawasafiri. Wanatuma amri usiku, mtandao ukiwa mtupu, asubuhi kila mashine imetii. Isipokuwa ya stoo. Wakampigia Agapiti: Ijumaa ikifika haijapokea, wanatafuta fundi mwingine. Mke wake ana mimba ya kwanza. Chai yangu aliiacha ikapoa.

Akabadilisha waya. Akaiondoa mashine kwenye kundi la zinazopokea amri, akairudisha. Mchana inaitika vizuri. Asubuhi, kwenye orodha ya mashine zilizotii, wenzake kijani, yenyewe nyekundu.

Alhamisi akakaa stoo mpaka watu wakaanza kuondoka. Mawingu yakapanda. Bernadina, mama wa stoo, akasimama, akachomoa waya wa umeme, akachomoa na wa mtandao, akaifunika mashine kitambaa chake cha kudarizi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafunga."

"Kila siku?"

"Kwani radi ina ratiba?"

Nilikuwa napiga deki mlangoni, mtoto mgongoni. Mimi nyumbani huchomoa redio, kwa hiyo sikuwahi kuona ajabu.

Agapiti akamwomba aiache usiku huo tu. Bernadina akakataa. Kwao Ushetu radi ilipitia kwenye televisheni, ikamaliza na mbuzi nje.

"Ikiungua watasema Bernadina. Kama unaipenda, lala nayo."

"Nitalala nayo."

"Basi vaa gambuti."

Asubuhi nilimkuta amelala juu ya maboksi, gambuti za stoo miguuni, kile kitambaa kimemfunika yeye. Stoo ilikuwa kijani. Makao makuu wakapiga: aendelee na kazi.

Bernadina akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imepona?"

"Imepona."

Akaketi, akageuka kumpa mchimbaji kofia, akarudi kwenye kioo. Kimejifunga.

"Agapiti! Njoo uone mgonjwa wako!"

"Ndiyo amri yenyewe, mama."

"Mayu! Usiku kucha na gambuti, kwa ajili ya hii?"

"Ndiyo, mama."

Bernadina akaniambia nimmiminie kijana chai. Aliinywa ikiwa moto.

Jioni Bernadina alichomoa nyaya kama kawaida. Siku hizi makao makuu wakitangaza amri mpya, Agapiti huja kazini na shuka.